Mwongozo ulikuwa kwenye simu yangu muda wote: matabibu, mnajuaje kwamba mambo yamebadilika?

#1 TabibuWaKano (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Nimeandika haya na kuyafuta mara mbili. Leo naachia.

Mimi ni afisa wa kliniki katika kituo kimoja cha afya nyanda za Kano, si mbali na Ahero. Kituo sikitaji. Mwaka jana alinijia mama wa miaka 56, mkulima wa mpunga, analalamika kuwa kuna majimaji yanamtoka na yananuka. Nikampima kwa siki, kutafuta saratani ya mlango wa kizazi. Kwa wasiojua: unapaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, unangoja dakika moja, ukiona mahali pamegeuka weupe mzito ujue pana jambo. Mimi sikuona weupe. Nikaandika "hasi" kwenye rejista, nikampa vidonge vya maambukizi, nikamwambia tuonane baada ya miaka mitatu.

Alirudi baada ya miezi minane akivuja damu. Alipofika kwa daktari wa wanawake Kisumu mjini, saratani ilikuwa imeshashika ukuta wa nyonga.

Nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili yameandikwa vitabuni. Mwanamke akishakoma hedhi, lile duara ambapo ngozi ya nje ya mlango wa kizazi hukutana na ya ndani, ambapo ndipo saratani hii hupenda kuanzia, huvutwa ndani ya mfereji. Jicho halifiki. Siki haina cha kukuonyesha hapo. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema waziwazi katika mwongozo wao wa Julai 2021 kwamba kipimo cha siki ni cha wale ambao duara hilo linaonekana, kwa kawaida walio chini ya miaka 50. Mimi sikuliona, lakini sikuandika "sikuona". Niliandika "hasi". Na hayo mawili hayafanani hata kidogo.

La pili, yule mama hakuwa mtu wa kuchunguzwa kwa ratiba. Uchunguzi wa ratiba ni wa mwanamke asiye na dalili. Aliye na dalili unamtafutia ugonjwa: unamkagua vizuri, ukishuku unamkata kinyama kidogo kikapimwe, au unampa rufaa siku hiyohiyo.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mwongozo ule nilikuwa nao. Ulitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ukaja katikati ya tangazo la harambee na video ya mchungaji fulani. Nikaupakua. Kurasa zaidi ya mia moja. Sikuufungua hata siku moja, na sina hakika kama kuna mtu kwenye kundi lile aliyeufungua. Tulijibu tu "asante kwa kushare" tukaendelea na maisha.

Kwa hivyo nauliza wenzangu, hasa mlio vituo vidogo: mnajuaje kwamba jambo mlilofundishwa chuoni limebadilika? Nani anawaambia?

#2 SistaMstaafu (Kakamega)

Pole, mwanangu. Umefanya vyema kusema. Wengi hulizika pamoja na mgonjwa.

Nimeshika spekulamu tangu enzi za kumulikiwa kwa tochi na jamaa wa usafi. Ngoja nikuonyeshe njia inapokatikia. Wizara ikibadilisha kitu, barua hushuka kaunti. Kaunti huita semina, siku tatu, hotelini, kuna posho na kuku. Anaenda nani? Inchaji, mkuu wa kituo. Na inchaji mara ya mwisho kumpima mwanamke ni wakati wa Moi! Anarudi na begi jeusi, kalamu na cheti. Kile kitabu anakiweka kabatini na kukifungia kwa kufuli ili kisipotee. Hakipotei kweli. Yule msichana wa zamu anayepima wanawake ishirini siku ya kliniki hajui hata kama kitabu kipo.

Halafu tuseme amefundishwa yeye mwenyewe. Miezi sita haiishi, kahamishwa. Kituo nilichostaafia tuliletewa mashine ya kuchoma kwa joto pale palipogeuka weupe, na nilishangilia kama nimepata mjukuu, maana ile ya zamani ya kugandisha kwa baridi ilitaka mtungi wa gesi, na gesi ikiisha tunakaa nao kama chungu kitupu. Hii mpya unaishika mkononi, inatumia betri, kazi yenyewe haimalizi dakika moja. Wakafunzwa wauguzi wawili. Mmoja akapelekwa wodi ya watoto. Wa pili akapata kazi Uingereza, Mungu ambariki. Mashine ikabaki kwenye sanduku lake na plastiki yake. Tukarudi kuandika rufaa, na nusu ya wanaopewa rufaa hawafiki, kwa sababu nauli ni nauli.

Kwa hiyo usijipige sana. Lakini jipige kidogo.

#3 MamaPili_Nax (Nakuru)

Samahani kwa kuingia katika mazungumzo ya wenye koti jeupe. Mimi nauza mitumba, nina miaka 38. Naomba mnisaidie kwa sababu nimechanganyikiwa.

Wa kwanza alikuwa daktari wa hospitali ya kibinafsi hapa mjini. Akaniambia Pap, ile ya kukwangua chembechembe za mlango wa kizazi zikapimwe maabara, kila mwaka, bila kukosa. Bei yake ni ya mbuzi wa Krismasi. Wa pili alikuwa muuguzi wa kituo cha serikali upande wa Free Area. Siki, bure, rudi baada ya miaka mitatu. Wa tatu ilikuwa kambi ya matibabu kanisani. Nikapewa kijiti chenye pamba nikaambiwa niingie chooni nijichukulie mwenyewe, na majibu yakiwa safi nisiwasumbue hadi miaka mitano.

Nyinyi mlisoma shule moja kweli? Hata mitumba ikitoka nchi tatu tofauti saizi zake hukaribiana.

#4 Mulembe_254

Mods, hii si ingehamishwa jukwaa la akina mama?

#5 SistaMstaafu (Kakamega)

@Mulembe_254 wewe ulizaliwa kupitia wapi, mwanangu? Kaa hapo usome.

#6 DktMenengai (Nakuru)

Mama Pili, huenda huyo wa kwanza ni mimi (natania, lakini si sana).

Niwe mkweli. Mimi nilifundishwa Pap ya kila mwaka, na vitabu tulivyosomea vilikuwa vya Marekani. Pia kuna jambo ambalo wenzangu wa serikali hamlioni. Mgonjwa wa kulipa anataka aonekane. Nikimwambia "rudi baada ya miaka mitano", anadhani nimemfukuza, na huenda asirudi tena maishani mwake. Nikimwambia kila mwaka, basi akikosa miwili bado nampata wa tatu. Sioni dhambi hapo. Kupima mara nyingi hakujamuua mtu.

#7 Darubini_KSM (Kisumu)

Daktari, kwa heshima zote, hao Wamarekani uliosomea vitabu vyao waliiacha Pap ya kila mwaka tangu 2012. Mashirika yao makubwa yaliafikiana mwaka huo: Pap kila miaka mitatu, au kuanzia miaka 30, Pap pamoja na kipimo cha HPV kila miaka mitano. Mwaka 2020 chama chao cha saratani kikasogea mbele zaidi, kikasema anza miaka 25 kwa kipimo cha HPV peke yake, kila miaka mitano. Kwa hiyo unafuata Marekani ya wakati ulipokuwa chuoni.

Mimi ni mtu wa maabara, ngoja niliweke kwa lugha ya maabara. Saratani hii karibu yote inatokana na virusi vya HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya mzigo. Wanawake wengi hupata virusi hivi, na wengi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Vikikataa kuondoka ndipo hatari inapoanza, na hata hapo, kwa mwenye kinga imara, safari hadi saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20. Sasa mwanamke hana virusi leo, mwakani unamtafutia nini? Unachopata kwa kupima kila mwaka ni vidoa ambavyo vingepotea vyenyewe, unavichoma, unamtia hofu, unamtoza.

Mama Pili, jibu lako sasa. Hao watatu hawakutofautiana kwa sababu mmoja ni mjinga. Ni vipimo vitatu tofauti: Pap, siki, na kijiti cha HPV. Mwongozo wetu wa taifa wa 2018 umekiweka kipimo cha HPV mbele kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49, na kwa asiye na VVU kikiwa hasi ni miaka mitano. Pasipo na kipimo cha HPV, siki au Pap, kila miaka mitatu. Muuguzi wa Free Area yuko sawa. Wa kanisani yuko sawa. Kosa lao ni kutokueleza kwa nini. Kama majibu yako ya kijiti yalikuwa safi, umemaliza hadi miaka mitano, isipokuwa una VVU, hapo ratiba ni nyingine. Na ukiona damu isiyo ya kawaida, ratiba yoyote tupa, nenda.

#8 MamaPili_Nax (Nakuru)

Asante kaka. Majibu ya kijiti sikuwahi kuletewa. Ni miezi mitano sasa.

#9 Darubini_KSM (Kisumu)

Ndiyo ile niliyokuwa naogopa uiseme.

Wadau, mashine ya GeneXpert, hiihii tunayopimia kifua kikuu, inapima HPV kwa takriban saa moja. Saa moja! Lakini katriji zake, yaani vikasha vya kupimia vinavyoingizwa ndani, ni tofauti na za kifua kikuu, na zikija huja kwa mafungu. Sampuli zinangoja katriji, halafu zinangoja zamu yake kwenye mashine, halafu karatasi inangoja pikipiki. Mama Pili, rudi kwa waliokuchukua sampuli uwaulize namba yako. Usione aibu.

Na hapa kuna elimu ambayo semina za madaktari hazigusi. Majibu ya mashine ile hayasemi tu "yupo" au "hayupo". Yanatenga 16 peke yake, 18 pamoja na 45, halafu aina nyingine hatari kwa makundi. Nilikuwa napigiwa simu kila wiki: "Hii 'nyingine' maana yake nini? Ana saratani?" Daktari mmoja alikuwa ameshamwambia mgonjwa ana saratani! Nikachoka, nikaanza kuandika kwa mkono chini ya kila karatasi ya majibu: "Ana virusi. Hii si saratani. Akaguliwe." Simu zikapungua. Hakuna aliyenituma.

#10 TabibuWaKano (Kisumu)

@DktMenengai niongeze upande wetu. Unasema kupima mara nyingi hakujamuua mtu. Mimi nilikuwa na mwalimu mmoja, kipimo chake cha HPV kilikuwa safi, akataka arudie kila mwaka kwa sababu "daktari wa mjini alisema". Nikamrudia. Wiki hiyohiyo vijiti vikaisha, na mama wa miaka 41 ambaye hajawahi kupimwa tangu azaliwe akaambiwa aje siku nyingine. Sijamwona tena. Ukiuliza ni nani aliyechukua kijiti chake, ni mimi na wewe.

Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliweka Kenya kwenye wagonjwa wapya 5,236 na vifo 3,211 kwa mwaka. Hivyo vifo ni wanawake wanane au tisa kila siku. Mara nyingi wanaokufa hawakupimwa wakiwa wazima hata mara moja.

#11 MjumbeWaNyatike (Migori)

Hamjambo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, wale tuliopewa mabegi 2023. Najua hapa ni uzi wa madaktari, lakini mwanamke wa kijijini kwetu haanzii kwa daktari. Ananiuliza mimi kwenye kisima.

Huku Migori kujichukulia sampuli si jambo geni. Watafiti walikuja kulinganisha kupima kwenye kambi za kijijini na kupima kituoni, na kambini ndiko wanawake walijitokeza zaidi. Sisi hatukushangaa. Mwanamke hapendi kupanua miguu mbele ya kijana aliyesoma na mwanawe.

Shida zangu ni mbili. Moja, nilimpeleka mama akiwa na kijiti chake amekifunga vizuri kabisa, tabibu mmoja (kituo sitaji) akakitupa kwenye ndoo. Akasema, "Hiki si kipimo, lazima nikuchukue mimi." Nimeambiwa mara ngapi kwamba WHO wanakubali sampuli aliyojichukulia mwenyewe? Mimi niliyesoma hadi darasa la nane nimejua, yeye hajui! Yule mama hakukubali tena kuvua.

Mbili, acheni kukiita kipimo cha HPV "kipimo cha DNA". Omera, mnatuletea vita. Mwaka jana mume mmoja alisikia mkewe amefanyiwa "DNA", akadhani watoto wanapimwa kama ni wake. Tulilala kwa mzee wa kijiji hadi usiku tukieleza. Semeni kipimo cha virusi. Inatosha.

#12 Mulembe_254

Hiyo ya DNA imeniua 😂😂 Ok nimekaa.

#13 DktMenengai (Nakuru)

Nimecheka hadi mhudumu wa mapokezi akaja kuangalia.

Sawa. Nimesoma na nimesikia, hasa hiyo ya 2012. Inauma. Nimefungua leseni yangu nikaangalia pointi zangu za masomo ya kuendelea za mwaka uliopita. Baraza letu linadai 50 kwa mwaka, na mimi nilipita hizo. Mnajua nilizipata wapi? Shinikizo la damu, hotelini, wafadhili ni wauza dawa. Kisukari, hotelini. Uongozi wa hospitali. Siku moja nzima ya bima. Hakuna hata saa moja ya mlango wa kizazi, na mimi nachukua Pap kila wiki. Hakuna aliyeniuliza ninafanya nini kila wiki. Wanauliza tu jumla.

Hapo ndipo naona mfumo umekaa vibaya. Dawa mpya ya presha ina mwenye duka wa kuitangaza, anakuja hadi ofisini na keki. Habari kwamba upunguze kupima, nani atainunulia keki?

#14 RejistaNaKalamu (Vihiga)

Naomba niseme tunachofanya sisi, si kwamba ni ajabu.

Tulikuwa na CME, yaani kipindi cha masomo kazini, asubuhi kila Alhamisi kama kila mtu. Mmoja anasimama na projekta, wengine tunasinzia, chai, kwaheri. Muuguzi wetu mmoja akasema tuache projekta, tulete rejista ya uchunguzi yenyewe. Ile ya makaratasi, kubwa, yenye madoa ya dawa. Ijumaa saa nane, nusu saa, wote tunaogusa wanawake: wauguzi, matabibu, mtu wa maabara akipatikana. Tunasoma mstari kwa mstari wa wiki ile. Miaka mingapi? Hali ya VVU? Kipimo gani? Umeona nini? Umefanya nini? Anarudi lini? Anayesoma si aliyeandika.

Siku ya kwanza tulinyamaza kama tuko matangani. Kulikuwa na mwanamke wa miaka 61 aliyeandikwa siki hasi (@TabibuWaKano hauko peke yako). Kulikuwa na wa miaka 22, hana VVU, hana dalili, tumempima kwa sababu tu aliletwa na rafiki. Na waliokutwa na weupe saba ambao safu ya matibabu ilikuwa tupu. Saba! Tulikuwa tunapima vizuri na kuachia hapo. Tulitumia wiki mbili kuwatafuta kwa simu na kwa wahudumu wa jamii. Tuliwapata watano.

Kwenye kila kosa ndipo mmoja anafungua mwongozo na kusoma ule ukurasa tu. Hatujawahi kusoma ukurasa usio na mgonjwa wetu ndani yake. Sasa hata wale wavivu wanajua umri wa kuanza na miaka ya kurudi, kwa sababu hakuna anayetaka mstari wake usomwe Ijumaa.

Ubaya wake ni mmoja: inategemea huyo muuguzi. Akienda likizo tunaruka wiki. Na hakuna pointi za leseni hapo. Ukitaka pointi nenda hotelini.

#15 TabibuWaKano (Kisumu)

@RejistaNaKalamu na jicho je? Mimi tatizo langu halikuwa umri peke yake. Weupe wa saratani, weupe wa maambukizi, weupe wa kawaida kabisa, kwenye chumba chenye taa ya kuazima vinafanana. Hicho hakisomwi kwenye karatasi.

#16 RejistaNaKalamu (Vihiga)

Kweli, hicho ni cha mkono na jicho. Hukipati bila mtu mzoefu kusimama nyuma ya bega lako. Sisi tulimwomba muuguzi kutoka hospitali kubwa ya kaunti aje siku ya kliniki, mara moja kwa mwezi. Anaangalia baada yako, unasema umeona nini, yeye anasema ameona nini, mgonjwa akiwa amekubali. Mwezi wa kwanza tulitofautiana kila mara. Wengine kwenye kundi letu hutuma picha wanapokwama.

#17 Darubini_KSM (Kisumu)

Hapo kwenye picha simameni kidogo. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha ya sehemu za siri za mgonjwa, kwenye WhatsApp, kundi la watu mia mbili ambao hujui nani ametoka na simu imeibwa wapi? Nimeona kundi moja picha imekuja na jina na namba ya simu ya mgonjwa! Kama ni lazima, mgonjwa akubali kwa kuandika, asiwe na jina, itumwe kwa mtu mmoja, ifutwe.

#18 KliniKiSiaya (Siaya)

Nimechelewa, nimetoka zamu. Hakuna aliyegusa CCC, kliniki ya wenye VVU, kwa undani na huko ndiko kwenye moto.

Sisi wa pande za ziwa ndio wenye VVU wengi nchini, hilo halina mjadala. Na mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari ya kupata saratani hii karibu mara sita ya asiye nayo. Ile safari ya miaka 15 hadi 20 ambayo ndugu wa maabara ameitaja, kwa mwenye kinga dhaifu asiye kwenye dawa inaweza kuwa miaka mitano hadi kumi. Kwa hiyo WHO 2021 wanatenganisha makundi haya mawili. Asiye na VVU aanze miaka 30, mwenye VVU aanze 25. Kwa kipimo cha HPV, asiye na VVU arudie kila miaka 5 hadi 10, mwenye VVU kila miaka 3 hadi 5. Na mkiona mwongozo wa nyumbani una ratiba ya karibu zaidi, fuateni ya nyumbani.

Kubwa ambalo watu hukosea ni hili: asiye na VVU akikutwa na virusi, unaweza kumkagua kama anafaa na kumtibu palepale. Mwenye VVU anapitishwa kwanza kwenye kipimo cha pili cha kuchuja, kama siki, ndipo uamue. Na yeyote uliyemchoma, anarudi baada ya miezi 12. Si mitatu, si "ukijisikia vibaya".

Sasa kituo chetu: mwongozo wa saratani uko kwa afisa wa saratani. Mwongozo wa VVU uko CCC. Ni milango miwili inayotazamana, na hakuna anayevuka korido. Mgonjwa wangu wa CCC aliwahi kupimwa chumba cha pili bila kuulizwa hali yake, akapewa miaka mitano kama mtu mwingine yeyote. Niliigundua tarehe kwa bahati, kadi ilianguka.

#19 SistaMstaafu (Kakamega)

Hiyo korido naijua. Ni ndefu kuliko barabara ya Kisumu.

#20 DktMenengai (Nakuru)

Swali la kijinga kutoka kwa mtu wa mjini. Kwa nini tusiwe na kitu kimoja ambacho kinabadilika chenyewe? Programu ya simu, mwongozo ukibadilika nayo inabadilika.

#21 TabibuWaKano (Kisumu)

Daktari, ukipima umevaa glavu simu uishike kwa mguu? Na mikutano ile ya mafunzo ya ECHO kwa Zoom naipenda, mabingwa wanajibu vizuri, lakini bando ni langu na mtandao wa Kano mvua ikinyesha unaujua.

Niwaambie nilichofanya wiki hii baada ya kusoma humu. Nimeandika karatasi moja, kwa Kiswahili na Dholuo, maandishi makubwa. Nimeibandika ukutani mkabala na kitanda, urefu wa macho ya aliyeketi kupima. Si ofisini kwa inchaji. Mstari wa kwanza: ANA DALILI? Kama ndiyo, acha karatasi hii, kagua, toa rufaa. Mstari wa pili: umri na hali ya VVU. Wa tatu: UMELIONA DUARA LOTE? Kama hapana, andika HALIONEKANI, usiandike hasi. Kisha vipimo na miaka ya kurudi. Chini kabisa nimeandika ni mwongozo gani, wa mwaka gani, na tarehe niliyoibandika, ili atakayekuja baada yangu ajue kama imechacha.

Inchaji amekuja, ameisoma, ameuliza nani aliidhinisha. Nikamwonyesha mwongozo kwenye simu. Ndiyo mara ya kwanza kuufungua mbele ya mtu.

Yule mama bado yuko hai. Anaenda kwenye matibabu ya mionzi. Nilimtembelea Jumapili nikamwambia ni mimi niliyeandika "hasi". Aliniangalia kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimekula.

#22 MjumbeWaNyatike (Migori)

Nitumie picha ya hiyo karatasi. Hiyo ina jina la ukuta tu, Darubini hatakasirika.

#23 Darubini_KSM (Kisumu)

Ruksa 😂

#24 MamaPili_Nax (Nakuru)

Wadau, naripoti. Leo nimefunga duka nimekwenda kufuata namba yangu. Imepatikana! Majibu yalitoka zamani, yalikuwa kwenye faili, hakuna aliyenipigia. Safi, hakuna virusi.

Muuguzi akaniandikia kwenye kadi nirudi mwakani kwa Pap.

Nikamwambia, sista, naomba kuuliza, hiyo ni kwa mwongozo wa mwaka gani? Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akacheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mgonjwa, ametoka kwenda kumuuliza mwenzake chumba cha pili. Niko hapa kwenye benchi namngoja.